Moyo Unapogeuka: Namna ya Kuutuliza kwa Kumkumbuka Mwenyezi Mungu

Kwanza fahamu kwamba kugeuka kwa hisia si dalili ya imani iliyokufa. Swahaba Handhala alijiona mnafiki kwa sababu mbele ya Mtume (s.a.w.) moyo wake ulilainika, na akirudi kwa mke na watoto ukashughulika na mengine; Mtume akamtuliza kwa kumwambia kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Basi usianze kwa kujilaumu, bali itambue hali uliyo nayo, iwe hasira, huzuni au furaha, kwa kuwa kila moja ina adabu yake.

Hasira ndiyo inayotaka haraka. Mtume alielekeza kwamba aliyeghadhibika akiwa amesimama na akae, na isipomwondoka alale. Chukua mfano wa mama muuza samaki hapa Tanga, ambaye mteja amemrudishia changu waliokwisha paruliwa magamba akidai wameoza, ilhali wameshushwa alfajiri ile ile. Aweke kisu chini, avute kigoda akae, aseme "Audhu billahi mina shaitani rajim", kisha anyamaze mpaka mikono iache kutetemeka, na maji yakiwapo atie udhu. Haki yake ataidai baadaye, kwa maneno ambayo hatayajutia.

Huzuni haiendi mbio hivyo, nami naona tunamkosea sana mfiwa tunapomwamrisha ajikaze. Nabii Yakubu alilia mpaka macho yakawa meupe, na bado alisema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake (Yusuf, 12:86). Nawe mshitakie baada ya sala, ukiwa bado juu ya mswala, kwa Kiswahili chako, kwa Kidigo au kwa Kibondei, bila kutafuta maneno mazuri.

Furaha nayo inataka kuangaliwa, kwani aya ya 23 ya sura ya Hadid inatuzuia kujigamba kwa tulichopewa kama inavyotuzuia kusononekea kilichotupita. Sijda ya shukrani na sadaka ndogo vinatosha.

Jiwekee muhasaba, yaani kuihesabu nafsi yako, kila siku kati ya Magharibi na Isha, kabla ya kwenda barazani. Jiulize ni nini kilichougeuza moyo leo, ulitamka nini, na ni nani wa kumwomba radhi kabla hujalala. Kisha vuta tasbihi taratibu, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, na umalizie kwa dua ambayo Mtume mwenyewe aliikithirisha: "Yaa Muqallibal-quluub, thabbit qalbii alaa diinik", yaani, ewe Mwenye kuzigeuza nyoyo, uthibitishe moyo wangu katika dini yako.

Huzuni ikidumu wiki mbili, usingizi na chakula vikakukimbia, nenda ukamwone daktari katika hospitali ya Bombo hapa Tanga au kituo cha afya kilicho karibu, kwani Mtume aliamrisha tutafute dawa. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje kesho: mwamshe ndugu au jirani, hata kama ni usiku wa manane, akupeleke.