Somo: Kujaza fomu ya PIP na kujiandaa kwa tathmini, kwa sisi tuliozoea kusema hatujambo

PIP (Personal Independence Payment) ni malipo ya serikali ya Uingereza kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu au ulemavu. Somo hili ni la wanaoishi England na Wales, wenye umri wa miaka 16 au zaidi lakini ambao hawajafikia umri wa pensheni ya serikali, na ambao ugonjwa au ulemavu umewabana kwa miezi 3 iliyopita na unatarajiwa kuendelea kwa miezi mingine 9 au zaidi. Malipo ya PIP yalianza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya posho ya zamani ya ulemavu kwa watu wazima. Hayaangalii kipato wala akiba, hayakatwi kodi, na mwenye ajira ana haki nayo sawa na asiye na ajira. Yana mafungu mawili, moja la maisha ya kila siku na jingine la kutembea na kusafiri. Katika mwaka wa malipo ulioanza Aprili 2025, fungu la kwanza lilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kwa kiwango cha kawaida na pauni 110.40 kwa kiwango cha juu. La pili lilikuwa pauni 29.20 na pauni 77.05.

Nimejaza fomu hii kwa ajili ya mama yangu mzazi, kisha kwa majirani kadhaa, na ninaandika kwa sababu nimeona watu wetu wakikosa haki yao kutokana na namna tunavyozungumza. Tumelelewa kujibu “sijambo” hata tukiwa na homa. Mgonjwa akija kutazamwa husema anaendelea vizuri, ili asimtwishe mgeni mzigo, na mcha Mungu hatataja maumivu kabla ya kushukuru. Hayo ni malezi mema, lakini anayesoma fomu hayajui, na ukiandika kwamba unaendelea vizuri ataamini hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: kufungua maombi. Kwa kawaida maombi huanza kwa simu kwa Wizara ya Kazi na Pensheni. Piga mapema, kwa kuwa ukirudisha fomu kwa wakati, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ya simu hiyo. Kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, omba mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa. Baada ya hapo utapewa fomu ndefu inayouliza jinsi ulemavu unavyoathiri maisha yako, na una mwezi mmoja wa kuirudisha. Muda ukikubana, piga simu kuomba uongezwe kabla haujaisha.

Hatua ya pili: kukusanya ushahidi. Tafuta orodha ya dawa, barua za hospitali, ripoti ya mtaalamu wa viungo, na maelezo ya maandishi ya mtu anayekusaidia nyumbani. Barua inayotaja jina la ugonjwa peke yake ina uzito mdogo. Yenye uzito ni ile inayosema huwezi kufunga vifungo vya shati au huanguka bafuni. Toa nakala ya kila karatasi, pamoja na fomu yenyewe, kabla ya kuituma.

Hatua ya tatu: kuelewa pointi. Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu asiyeijua hesabu hii hujaza fomu gizani. Fungu la maisha ya kila siku lina shughuli 10: kuandaa chakula, kula, kufuata matibabu, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu, na kupanga matumizi ya fedha. Fungu la pili lina shughuli mbili, yaani kupanga na kufuata safari, na kutembea kwenyewe. Kila shughuli ina sentensi zenye pointi, na katika kila moja unapewa ile inayokufaa. Ukifikisha pointi 8 katika fungu unapata kiwango cha kawaida, na ukifikisha 12 unapata kiwango cha juu.

Wengi hawajui kwamba kutegemea kifaa nako kunahesabiwa. Anayehitaji kiti ili aweze kuandaa chakula, vishikio ili aweze kuoga, kifaa cha kumsaidia kuvaa na kingine cha kumsaidia chooni, anaweza kupata pointi 2 katika kila shughuli, na hizo zikijumlishwa ni 8. Kwa hiyo usiseme “naoga mwenyewe” ukaishia hapo, ikiwa unaoga mwenyewe kwa sababu ukutani pana kishikio na ndani ya bafu pana kiti cha plastiki.

Jambo la pili ni maana ya neno “kuweza”. Kisheria, huhesabiwi kuwa unaweza jambo mpaka uweze kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, mara nyingi kadiri inavyohitajika, na bila kutumia muda unaozidi mara mbili ya ule ambao mtu asiye na ulemavu angeutumia. Likikosekana sharti moja tu kati ya hayo manne, unahesabiwa kuwa huwezi kwa namna hiyo. Tena hali hiyo iwe inakupata siku nyingi kuliko zile isipokupata, yaani zaidi ya nusu ya siku zote. Ndiyo maana nashauri kuweka daftari kwa wiki mbili au tatu, ukiandika kila jioni kilichoshindikana siku hiyo.

Hatua ya nne: kuandika. Kwa kila swali, eleza unavyofanya, nini hutokea ukijaribu, nani hukusaidia, na unavyojisikia baadaye. Toa mfano wa siku moja halisi. Katika swali la kutembea taja mita, kwa maana “mbali kidogo” haipimiki. Basi la ghorofa mbili la London lina urefu wa mita 11 hivi, nami huwaambia watu wajiulize wanapita mabasi mangapi yaliyopangana kabla maumivu hayajawasimamisha. Anayeishia mita 20 hupata pointi 12. Anayepita 20 lakini hafiki zaidi ya 50 hupata 8, au 10 ikiwa anahitaji fimbo au magongo. Wala sisemi mtu atie chumvi. Chumvi hugundulika, na sheria inaadhibu udanganyifu. Ninachoomba ni kwamba kweli yote iandikwe, pamoja na ile inayotutia haya, kama vile mtoto wa kiume kumwogesha mama yake.

Hatua ya tano: tathmini. Mtathmini ni mtaalamu wa afya, na anaweza kuzungumza nawe kwa simu, kwa video, au ana kwa ana. Mara nyingine hutosheka na karatasi. Una haki ya kuwa na mtu pembeni yako. Kumbuka kwamba anaangalia hata yale asiyouliza: ulikujaje, ulikaa kwa muda gani, uliinua mkoba kwa mkono upi.

Mama yangu alifanyiwa kwa simu. Aliulizwa kama anapika, akajibu kwa sauti ya uchangamfu, “Napika, mwanangu, kwani nani atanipikia?” Nami nilitafsiri neno kwa neno. Sikueleza kwamba baridi yabisi imemfunga vidole hata mwiko humponyoka, na kwamba tangu hapo hasongi ugali. Sikueleza kwamba vitunguu humenyewa na mjukuu, kwamba sufuria ya maji moto huinuliwa na mimi, na kwamba yeye hukaa kwenye kigoda, akatia chumvi, akaonja. Hicho ndicho alichokiita kupika. Katika kuandaa chakula alipewa sifuri. Tulipoomba mapitio, yaani Wizara iuangalie upya uamuzi wake, tuliyaandika hayo yote, kigoda, mjukuu na sufuria, na uamuzi ukabadilika.

Hatua ya sita: uamuzi. Usiporidhika, una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba mapitio hayo, yaitwayo mapitio ya lazima (mandatory reconsideration), na ni vyema uyaombe kwa maandishi ukitaja shughuli moja moja na pointi unazodai. Ukikataliwa tena, una mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru, ambalo kwa kawaida huwa na hakimu, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa masuala ya ulemavu. Rufaa haina ada na mkalimani hulipiwa. Ujue tu kwamba baraza linaweza pia kupunguza ulichopewa, kwa hiyo tafuta ushauri kwanza. Shirika la hisani la Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo.

Maswali niliyoulizwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi sikusoma, na Kiingereza kinanipiga chenga. Je, nitapata pointi za kusoma?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana. Pointi za kusoma hutolewa pale ambapo kizuizi kinatokana na maradhi au ulemavu, kama vile uoni hafifu au madhara ya kiharusi. Kutojua lugha hakuhesabiwi, ila ni sababu ya kuomba mkalimani.

Swali: Kaka, viza yangu imeandikwa kwamba siruhusiwi kutumia fedha za umma, lakini mume wangu ni raia na ni mlemavu. Je, akiomba ataniharibia?

Jibu: Dada, PIP ni miongoni mwa fedha za umma, kwa hiyo wewe usiombe kwa jina lako. Yeye anaomba kwa haki yake, na PIP haina nyongeza inayolipwa kwa ajili ya mke. Posho nyingine zina kanuni tofauti, basi muulize mshauri wa uhamiaji mwenye leseni kabla ya kuzigusa.

Swali: Nimepewa hifadhi ya ukimbizi mwaka huu, nikaambiwa lazima niwe nimekaa nchini wiki 104 katika wiki 156 zilizopita.

Jibu: Sharti hilo lipo, lakini aliyetambuliwa kuwa mkimbizi amesamehewa. Ambatisha nakala ya uthibitisho wa hadhi yako, na ulieleze hilo kwenye simu ya kwanza.

Swali: Dada yangu yuko Glasgow. Je, afuate hatua hizi?

Jibu: Uskoti una malipo yake kwa watu wazima wenye ulemavu, na huombwa kwa wakala wa Uskoti wenyewe. Shughuli na pointi zinafanana sana na hizi, hivyo hatua ya tatu na ya nne zitamfaa.

Swali: Namhudumia baba tangu alfajiri hadi usiku na nimeacha kazi. Je, mimi mwenyewe sina changu?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Baba akipata fungu la maisha ya kila siku, kwa kiwango chochote, nawe ukiwa unamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, unaweza kuomba posho ya mhudumu. Lakini ulizia kwanza kama yeye anapokea nyongeza inayotolewa kwa mlemavu asiye na mhudumu anayelipwa, maana inaweza kukatwa pindi wewe unapoanza kulipwa.