Zamu ya Kwanza Wodini Lamu: Kazi ya Msaidizi wa Wauguzi, Hatua kwa Hatua

Nimekuwa msaidizi wa wauguzi hapa Lamu kwa zaidi ya miaka 10. Vijana wapya wakiletwa wodini, wengi wao tayari wanajua kutandika kitanda na kufunga mkanda wa presha. Wasichokijua bado ni kwa nini vitu hivyo vinafanywa, na hapo ndipo makosa huingia. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, na kwa yeyote anayemuuguza mzazi wake nyumbani.

Kwanza elewa mahali ulipo. Mgonjwa akizidiwa Lamu, safari yake huanza na bahari. Lazima avushwe kwa boti kutoka kisiwani hadi Mokowe, upande wa bara, ndipo apate gari la kumpeleka Malindi au Mombasa. Akipelekwa kwa ndege, bado atavuka maji kwenda kisiwa cha Manda, kwenye uwanja wa ndege. Na aliyetoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ameshavuka mara moja kabla hajafika kwetu. Saa moja ikipotea kitandani, haifidiki njiani. Muuguzi anaweza kuwa na wodi nzima mikononi mwake, lakini wewe ndiye unayemgusa mgonjwa mara nyingi zaidi: unamwogesha, unamgeuza, unamlisha. Kazi yako kubwa ni kuona badiliko mapema na kulisema. Mengine yote yanaitumikia kazi hiyo.

Hatua ya 1: Pokea zamu mbele ya mgonjwa

Usipokee zamu ukiwa mezani tu. Tembea na unayempokea kutoka kitanda hadi kitanda. Uliza jina la mgonjwa na umsikie mwenyewe akilitaja, kisha lilinganishe na lililo kwenye chati. Majina ya kwetu yanafanana sana. Wodi moja inaweza kuwa na kina Mohamed Ali watatu, kwa hiyo tumia pia jina la babu na nambari ya hospitali. Uliza nani hatakiwi kula, nani yuko kwenye oksijeni, nani aligeuzwa mara ya mwisho saa ngapi.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu. Chati huandikwa 14:00, ndugu wa mgonjwa anasema saa nane. Ukichanganya hesabu hizo mbili, dawa au kipimo kitaruka saa sita nzima.

Kama wewe ni wa bara, fungua masikio kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu. Mzee akisema kitwa kinamuuma, ni kichwa. Mato ni macho, ndaa ni njaa, mai ni maji. Nimewahi kumkuta bibi mwenye kiu aliyekuwa ameomba mai tangu asubuhi, na kijana aliyekuwa zamu akadhani anataka kwenda chooni. Usipoelewa, uliza tena kwa upole au mwite mwenzako wa hapa.

Hatua ya 2: Mikono

Sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Dawa ya mikono yenye spiriti, sekunde 20 hadi 30, ila mikono ikionekana michafu ni sabuni tu. Osha kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hili la mwisho husahaulika: umeshika reli ya kitanda tu, unasema hukumgusa mtu. Glavu haziondoi haja ya kuosha.

Hatua ya 3: Vipimo

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa nilikosea.

Katika mwaka wangu wa kwanza, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilikuta chati ambayo safu ya pumzi ilijaa 20, 20, 20, kila zamu. Nami nikaandika 20. Mgonjwa alikuwa mvuvi mtu mzima, mpole, asiyelalamika. Jioni muuguzi alisimama kando yake, akamtazama kifua kwa dakika nzima, akahesabu 32. Nimonia ilikuwa imeshika mapafu. Alipona, lakini nilijua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimempita mara nne bila kumwona. Tangu siku hiyo siandiki nambari ambayo sikuihesabu.

Pumzi: hesabu dakika kamili, na usimwambie mgonjwa unahesabu nini, maana ataibadilisha. Shika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo huku macho yako yakiwa kifuani. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ikifika 25, mwite muuguzi papo hapo. Pumzi mara nyingi hubadilika kabla ya presha kushuka.

Mapigo ya moyo: 60 hadi 100. Usiandike nambari tu. Sema pia kama yanaenda sawa au yanaruka.

Presha: mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono umelazwa usawa wa moyo, kibofu hakijajaa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu ya uongo. Usifunge juu ya mkono wa kanzu wala buibui; mwombe ruhusa, funua mkono tu, na mengine yabaki yamesitiriwa. Nambari ya juu ikishuka chini ya 90 au ikipanda hadi 180, toa taarifa mara moja.

Joto: 38 kwenda juu ni homa. Mzee au mtoto mchanga aliyepoa chini ya 35 anatisha vilevile.

Oksijeni: kile kibanio cha kidole kinahitaji mwanga upenye kwenye ngozi na kucha. Rangi ya kucha huisumbua mashine, na hina nyeusi pia inaweza kuizuia isisome sawa. Hapa kwetu bibi harusi wa juzi anaweza kuwa mgonjwa wa leo, kwa hiyo tafuta kidole kisicho na hina, au tumia kibanio cha sikio kama kipo. Vidole vikiwa baridi, vipashe kwanza. Watu wengi husoma asilimia 95 na zaidi. Mgonjwa wa mapafu wa muda mrefu anaweza kuwekewa kiwango chake cha chini kidogo, na hicho utakikuta kwenye maagizo.

Sukari: mwoshe kidole kwa sabuni na maji, kisha ukaushe. Mtu aliyetoka kula embe, tende au halua hubaki na sukari kwenye ngozi, na mashine itasoma juu kuliko ilivyo damuni. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana katikati huuma zaidi. Chini ya 4 (milimoli kwa lita), mjulishe muuguzi hapo hapo. Mgonjwa wa sukari akitoka jasho, akitetemeka au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, usisubiri zamu ya kupima. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaokataa kuchomwa kidole wakihofia swaumu. Wanazuoni wengi wanasema tone hilo halifunguzi. Mwambie kwa heshima, na akitaka kumwuliza shekhe wake, msaidie ampate.

Hatua ya 4: Kuogesha kwa sitara

Funga pazia. Andaa kila kitu kabla ya kumfunua mgonjwa, usimwache wazi ukaenda kutafuta taulo. Leso mbili zatosha: moja inamfunika, nyingine inamkausha. Funua kiungo kimoja, osha, kausha, funika, ndipo uende kingine. Anza na macho, kwa maji matupu, kutoka upande wa pua kwenda nje. Sehemu za siri ni za mwisho, na mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu wa haja kubwa usiingie njia ya mkojo. Mwanamke aogeshwe na mwanamke kila inapowezekana. Pale isipowezekana, mwambie mapema na umwite jamaa yake awepo.

Maji ya kuoga ndiyo nafasi yako bora ya kukagua ngozi. Na kabla hujamaliza, muulize kama anataka udhu. Kwa mzee aliyelala wiki tatu, swali hilo lina uzito kuliko dawa nyingi.

Hatua ya 5: Kumgeuza

Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2, au kama mpango wake unavyosema. Andika saa na upande. Kagua mwishoni mwa uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega, nyuma ya kichwa na masikio. Vitabu husema tafuta wekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mkono: tafuta mahali penye joto, pagumu au panapouma kuliko pembeni yake. Usipasugue; unaumiza nyama iliyo chini.

Usimburute mgonjwa. Watu wawili, shuka chini yake, mnahesabu pamoja, mnamwinua. Mlaze kwa ubavu wa nusu, kama nyuzi 30, mto mgongoni. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Joto letu la pwani hutoa jasho, na shuka mbichi huharibu ngozi haraka. Badilisha.

Hatua ya 6: Kinachoingia na kinachotoka

Mgonjwa wa kiharusi asilishwe chochote mpaka uwezo wake wa kumeza upimwe. Nasema chochote, hata kijiko cha uji cha mama yake. Anayeruhusiwa, mkalishe wima, mlishe kidogo kidogo, subiri ameze, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa au sauti ikawa kama ina maji, acha, toa taarifa.

Pima vikombe vya wodi kwa mililita mara moja, uandike ukutani. Ndugu wataleta madafu, kwa mapenzi yao yote. Dafu ni kinywaji, kwa hiyo lihesabiwe. Pia lina potasiamu nyingi, na mgonjwa wa figo linaweza kumvuruga mapigo ya moyo. Usilinyang'anye, liweke kando, ukamwulize muuguzi.

Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu. Mkojo ukipungua chini ya mililita 30 kwa saa kwa mtu mzima, hilo ni jambo la kusema sasa hivi, usingoje asubuhi.

Hatua ya 7: Kumsimamisha

Funga breki za kitanda. Mkalishe ukingoni dakika moja au mbili, miguu chini, umwulize kama kizunguzungu kipo. Kiti kiwe upande wake wenye nguvu. Usimvute kwa kwapa.

Hatua ya 8: Sema, na sema vizuri

Badiliko lisiloripotiwa ni kama halikuonekana. Usiseme "hayuko sawa." Sema: "Sista, mama wa kitanda nambari 4, asubuhi alipumua 18, sasa 27. Oksijeni 91. Amechanganyikiwa, hajui alipo. Naomba uje umwone sasa." Nani, nini kimebadilika, nambari, unataka nini. Akiwa na shughuli, rudi tena. Akichelewa na wewe una hofu, mpigie daktari wa zamu kwa utaratibu wa wodi yako.

Usimpe mgonjwa dawa, usiongeze wala kupunguza kasi ya dripu, usiwatafsirie ndugu majibu ya maabara. Ukijichoma sindano, osha kwa sabuni na maji bila kukamua, kisha toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usione haya.

Zamu ikiisha, rudi kitandani na anayekupokea, mtaje mgonjwa kwa jina lake, na umwambie atageuzwa tena saa ngapi, na kwa upande upi.