Kabla hujalipia gemu

Wadogo zangu mnaonunua magemu kwa hela ya korosho hapa Mtwara, naombeni msome hili kabla ya kulipa. Mara nyingi unachouziwa ni leseni ya kucheza, gemu lenyewe si lako. The Crew, gemu la magari la kampuni ya Ubisoft, lilizimiwa seva (kompyuta za kampuni zinazoliendesha mtandaoni) 31 Machi 2024, kisha walioligharamia wakakuta leseni zao zimefutwa. Iliniuma sana, maana watu walitoa pesa halali.

Kwanza angalia kama linachezeka bila intaneti. Likidai seva hata ukicheza peke yako, mimi silipii. Duka la magemu la mtandaoni la GOG linakupa faili la kusakinishia ukae nalo mwenyewe. Lipakue siku hiyohiyo kwa bando la usiku, ulihifadhi kwenye diski ya nje, na nakala nyingine kwenye flashi.