Kufuatilia Seva ya PostgreSQL na Kuiharakisha Hifadhidata Iliyolemewa

Hifadhidata inapoanza kusuasua, jambo la kwanza linalopendekezwa ofisini huwa ni kuongeza kumbukumbu au kununua seva kubwa zaidi, na mara nyingi fedha hutoka kabla hajapatikana mtu wa kueleza ni kazi ipi hasa inayoilemea seva iliyopo. Mwongozo huu unamhusu msimamizi wa PostgreSQL (programu ya hifadhidata) kwenye Linux anayetaka kupima kwanza ndipo abadilishe. Kwa mfano, tuchukue mfumo wa SACCO wenye jedwali la michango lenye rekodi milioni 4.

Anza na mashine yenyewe, ila usikae hapo muda mrefu. Amri ya `vmstat 1` huonyesha kila sekunde kichakataji kinafanya nini: thamani ya `wa` (muda wa kusubiri) ikiwa juu huku `us` (muda wa kuendesha programu) ikiwa chini, kichakataji kinasubiri diski; `si` na `so`, yaani data inayohamishwa kati ya kumbukumbu na diski, zisipotulia kwenye sifuri, kumbukumbu haitoshi. Angalia pia nafasi ya diski kwa `df -h`, kwa sababu mahali panapohifadhiwa faili za WAL (kumbukumbu za kila badiliko la data) pakijaa, hifadhidata nzima husimama.

Kazi yenyewe huanzia kwenye `pg_stat_statements`, nyongeza inayorekodi kila ulizo (query) limeitwa mara ngapi na limechukua muda gani; inakuja na PostgreSQL lakini haiwashwi mpaka uiwashe. Katika `postgresql.conf` andika:

`shared_preload_libraries = 'pg_stat_statements'`

Kisha zima na kuwasha huduma, ingia kwenye hifadhidata, na utoe amri ya `CREATE EXTENSION pg_stat_statements;`. Iache ikusanye takwimu kwa siku nzima ya kazi, ikiwezekana siku ya mwisho wa mwezi wanachama wanapolipa kwa wingi, halafu uulize:

`SELECT calls, total_exec_time, mean_exec_time, query FROM pg_stat_statements ORDER BY total_exec_time DESC LIMIT 10;`

Majina haya ya safu ni ya toleo la 13 na yanayofuata. Nimepanga kwa jumla ya muda, si kwa wastani, na hapa ndipo wengi hupotea. Ripoti inayochukua sekunde 40 mara moja kila usiku hulalamikiwa sana kwa sababu inaonekana, ilhali ulizo la milisekunde 30 linaloitwa mara 200,000 kwa siku hula sekunde 6,000, yaani dakika 100 za kazi ya seva, na hakuna anayeligundua. Hilo la pili ndilo la kushughulikia kwanza.

Ukishalipata, liendeshe kwa `EXPLAIN`, amri inayoonyesha jinsi seva inavyolitekeleza ulizo:

`EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) SELECT * FROM michango WHERE namba_ya_mwanachama = 5127 ORDER BY tarehe DESC LIMIT 20;`

Kumbuka kwamba `ANALYZE` hulitekeleza ulizo kwelikweli; ikiwa ni `UPDATE` au `DELETE`, tanguliza `BEGIN;` na umalize kwa `ROLLBACK;` ili mabadiliko yafutwe. Katika majibu, tafuta mstari wenye `Parallel Seq Scan on michango`, yaani jedwali zima linasomwa na michakato kadhaa kwa pamoja, na chini yake maneno kama `Rows Removed by Filter: 1333313`. Mstari huo ukiwa na `loops=3`, namba hiyo ni wastani wa kila mzunguko, hivyo izidishe kwa 3: seva imesoma na kutupa rekodi 3,999,939 ili ipate 61 za mwanachama mmoja. Hapo kumbukumbu mpya ingeficha tatizo bila kuliondoa. Dawa yake ni indeksi, orodha iliyopangwa inayoifikisha seva moja kwa moja kwenye rekodi zinazotakiwa:

`CREATE INDEX CONCURRENTLY michango_mwanachama_tarehe ON michango (namba_ya_mwanachama, tarehe DESC);`

Mpangilio wa safu una maana: inayolinganishwa kwa `=` hutangulia, ya kupangia hufuata. Neno `CONCURRENTLY` huruhusu michango iendelee kuingia wakati indeksi inajengwa, ila amri hiyo haikubali kuwekwa ndani ya muamala (kundi la amri linaloanza na `BEGIN`), na ikikatika njiani huacha indeksi iliyoandikwa `INVALID` ambayo ni lazima uifute kabla ya kurudia. Usijenge indeksi kwa kila safu. Kila rekodi mpya hulazimika kuandikwa kwenye indeksi zote, na katika mfumo unaopokea malipo gharama hiyo si ndogo.

Kuna uchelewaji usiotokana na indeksi. PostgreSQL haifuti papo hapo rekodi ya zamani inapobadilishwa, bali huiacha isafishwe na `autovacuum`, ambayo kwa mipangilio ya awali husubiri rekodi mfu zifike 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali letu hizo ni 800,050, kiasi ambacho kwa maoni yangu ni kikubwa mno. Punguza hivi:

`ALTER TABLE michango SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);`

Hata hivyo, usafishaji unaweza kuzuiwa na muamala ulioachwa wazi na programu, kwa hiyo chunguza `pg_stat_activity` uone miunganisho yenye hali ya `idle in transaction`, na uweke ukomo kwa `idle_in_transaction_session_timeout`.

Mipangilio ya kumbukumbu huja baada ya hayo yote. `shared_buffers`, kumbukumbu ambayo PostgreSQL hutunzia data inayotumika, huanza na MB 128 tu. Kwa seva inayoendesha hifadhidata peke yake, robo ya kumbukumbu ni mwanzo unaofaa. Usipandishe `max_connections` ovyo, kwani kila muunganisho ni mchakato kamili wa mfumo endeshi. Programu zikihitaji miunganisho mingi, weka katikati PgBouncer, programu inayozigawia miunganisho michache ya hifadhidata.

Badilisha jambo moja kwa wakati, ita `SELECT pg_stat_statements_reset();`, kisha upime tena katika siku yenye shughuli za kiwango kilekile.