Jiko la Moshi Halipepewi: Nilivyounguza Kidari Texas

Kidari cha ng'ombe cha kilo sita kiliishia kwenye pipa la taka. Na mimi nyama nimechoma tangu nasoma shule ya msingi! Tatizo langu lilikuwa hilohilo: jiko la moshi, yaani pipa la chuma lenye mfuniko na matundu ya hewa juu na chini, linaloivisha nyama taratibu kwa moshi, nililitumia kama jiko la nyumbani. Nilijaza mkaa, nikauwasha wote, nikapepea mpaka ukakolea, ndipo nikaweka nyama. Kufika saa tatu asubuhi mshale wa kipimajoto ulikuwa nyuzi 350 za Farenhaiti, nami natoka jasho.

Jiko hili linataka 225 hadi 250, yaani kama 107 hadi 121 za Selsiasi, kwa saa kumi na zaidi. Moto ukishapita hapo, kuurudisha ni kazi ya saa nzima au mbili. Kwa hiyo unauwahi ukiwa njiani: ukifika 200, anza kubana matundu ya chini. Usingoje 225.

Mimi nilingoja, kisha nikafunua mfuniko nipunguze joto, kama mtu anayefunua sufuria ya maharage yanayofurika. Hapo ndipo nilipojimaliza. Ukifunua, joto linatoka kweli, ila mkaa nao unapata hewa tele. Ukifunika unakuta moto mkubwa kuliko uliouacha. Usifunue. Nikaona basi nizibe tundu la juu. Moshi mzito mweupe ukajifungia ndani, nyama ikawa chungu kama shubiri. Tundu la juu liache wazi mwanzo mpaka mwisho. Unaongoza kwa matundu ya chini, kidogo kidogo, halafu unasubiri dakika 15 kabla ya kugusa tena.

Kuwasha: mwaga mkaa mbichi, juu yake weka vipande kama 15 vilivyokwisha kushika moto, moto ushuke wenyewe taratibu. Mafuta ya kuwashia hapana. Kwa moshi, magogo madogo matatu ya mwaloni yanatosha. Kipimajoto cha kwenye mfuniko ni cha kudanganyia macho; nunua cha waya, ukiweke kwenye wavu, jirani na nyama.

Ndani ya nyama, kati ya nyuzi 65 na 75 za Selsiasi, joto litagoma kupanda kwa saa kadhaa. Nyama inatoa jasho na jasho linaipoza. Usiongeze moto, na nasema tena, usifunue. Ikikaribia 95, na uma ukazama kama kwenye kiazi kilichoiva, itoe, iache ipumzike saa nzima.

Sasa ndugu zetu. Shemeji alikuja likizo kutoka Morogoro, kila nusu saa yuko jikoni: “Tugeuze basi, itaungua upande mmoja.” Shemeji, nakuheshimu, lakini hii haigeuzwi. Mama naye kwenye simu ya video: “Nyama tangu alfajiri, mmeishiwa mkaa?” Mwambie mgeni chakula ni saa moja jioni hata kama unatarajia saa kumi, umwekee karanga mbele.

Wamarekani hawa nawashangaa. Mtu anakula chakula cha mchana ndani ya gari kwa dakika saba, lakini Jumamosi anakaa saa kumi na nne kando ya pipa la chuma, na hana haraka. Jirani yangu hatukuwahi kusalimiana miaka miwili. Moshi wangu mweupe ndio uliomleta kwenye uzio. Akatazama, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye tundu la juu.

Unayeishi ghorofani, soma mkataba wa nyumba kwanza, barazani mara nyingi ni marufuku. Gereji usithubutu, hata mlango ukiwa wazi. Habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani tumezisikia sote nyumbani, na hewa inayoua ni ileile.

Majivu yaache mpaka kesho yake, kisha yatie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko. Pipa langu la plastiki lina tundu ubavuni mpaka leo.