Somo: Kutoka kwenda kula na mwenza anayepaliwa

Tangu mzee wangu apate kiharusi, koo lake halijifungi kwa wakati. Maji yanampalia, wali mkavu unampalia. Miezi minane tulijifungia ndani: harusi tukituma bahasha, hitma tukituma mtoto. Alichokuwa akikikosa si pilau, ni watu wake. Sasa tunatoka, hapahapa Dar, na tunafanya hivi.

1. Jua anachoruhusiwa. Mtaalamu wa umezaji alimpima akatupa kiwango: chakula laini, vipande visivyozidi sentimita 1.5, vinywaji vizito kidogo. Usikisie. Wapo ambao chakula huingia njia ya hewa bila hata kukohoa, mkaja kushtuka ni nimonia.

2. Piga simu hotelini mapema. Ukiuliza "mna chakula laini?" utajibiwa wali upo. Taja chenyewe: mtori uliosagwa, viazi vya kuponda, bokoboko lisilo na mfupa, samaki aliyetolewa miba kwenye mchuzi mzito wa nazi. Supu yenye vipande iogope: yeye bado anatafuna nyama, maji yameshatangulia kooni. Aiskrimu nayo ikiyeyuka mdomoni ni maji tu.

3. Saa na kiti. Sisi huenda saa sita mchana, hajachoka na muziki haujawashwa. Kiti kigumu chenye egemeo, mgongo wima, nyayo zikanyage chini. Yale makochi ya ufukweni yanamlaza, siyakubali hata mhudumu akinuna. Namkalisha asitazamane na ukumbi mzima.

4. Mezani. Kijiko cha chai, tonge dogo, ameze, mdomo uwe mtupu ndipo lingine. Tuna alama yetu: akikilaza kijiko kifudifudi kwenye sahani, anapumzika, na mazungumzo nayashika mimi. Rafiki zake nimewaomba wasimuulize kitu akiwa na tonge. Yule mcheshi wao siku hizi husubiri kijiko kilale ndipo amalizie kisa chake, maana kicheko na tonge havipatani. Mara ya kwanza nilipomwona anakitazama kile kijiko, machozi yalinilengalenga.

5. Akimaliza, aangalie shavu la upande uliopooza, chakula hujificha humo. Kisha akae wima dakika 30. Msikimbilie gari. Hapo ndipo anapoongea kwa raha.

Akipaliwa, meza nzima itapiga kelele "mpe maji!" Usimpe. Maadamu anakohoa, ainame mbele, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kusema na kupumua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, kisha msimamie nyuma umbane juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mwingine akiita msaada.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, si aibu kwenda na chakula chako hotelini?
Jibu: Omba ruhusa kwenye simu, eleza ni ugonjwa. Mimi hubeba chupa ya uji mlaini na ule unga wa kufanya vinywaji viwe vizito. Sijakataliwa bado.

Swali: Jirani kaniambia mume wangu ainamishe kidevu kila akimeza. Nimfanyie?
Jibu: Subiri kwanza, dada yangu. Kuna wanaosaidika na kuna wanaozidi kupaliwa. Aliyempima ndiye aseme.

Swali: Wangu hakohoi sana, ila baada ya chai sauti inakuwa kama ana maji kooni.
Jibu: Simamisha chai nyepesi, mpeleke akapimwe wiki hii. Akipata homa au akipumua kwa shida, msingoje, nendeni siku hiyohiyo.

Swali: Harusi yetu ya ukweni ni sinia moja, watu sita. Akipewa sahani yake peke yake atajiona ametengwa.
Jibu: Sahani yake iwekwe palepale kando ya sinia, naye akae mkekani penye ukuta wa kuegemea, mto nyuma ya kiuno. Akishindwa kukaa wima, letani kiti kwake na kwa shemeji mmoja, wawe wawili juu. Mama mkwe mwambie siku moja kabla, maana asiyejua atamsukumia nyama mpaka aipokee kwa adabu.