Somo: Kuvuta vizuri na kunywa maji kwa kipimo kwenye mashine ya makasia

Mashine ya makasia humdanganya mgeni kwa jambo moja: kwa kuwa mikono ndiyo inayoshika mpini, yeye hudhani kwamba mikono ndiyo inayofanya kazi. Wengi wetu hapa Bukavu tumekulia kando ya Ziwa Kivu, tumewazoea wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza na kafi zao, na tunaikalia mashine tukiwa na picha hiyo kichwani. Mashine hii huigiza mashua ya mashindano, ambayo mpigaji wake huipa mgongo sehemu anayoiendea na kusukuma kwa miguu akiwa juu ya kiti kinachoteleza.

Hatua ya kwanza ni kuiandaa mashine. Mikanda ipite juu ya sehemu pana ya wayo, kisha utazame wenzo wa gurudumu la hewa, wenye namba 1 hadi 10. Vijana hukimbilia 10 wakiamini kwamba huko ndiko kwenye uanaume, ilhali namba hiyo haipimi nguvu ya mtu bali huamua tu hewa kiasi gani iingie kwenye gurudumu. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na kwa hiyo namba 4 ya hapa hailingani na namba 4 ya Mombasa. Ikiwa kioo cha mashine kinaonyesha kipimo cha ukinzani, kifuate hicho. Kati ya 110 na 130 huwafaa watu wengi.

Hatua ya pili ni pigo lenyewe. Anza magoti yakiwa yamekunjwa, mikono imenyooka, na kiwiliwili kimeinama mbele kidogo kutoka kwenye nyonga. Sukuma kwanza kwa miguu. Inapokaribia kunyooka, rudisha mgongo nyuma kidogo. Mwisho kabisa ndipo uvute mpini hadi chini ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono, kiwiliwili, kisha magoti, tena kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa kusukuma. Anayerudi mbio hujinyima pumziko, na gurudumu halimlipi chochote kwa haraka hiyo.

Hatua ya tatu ni mpango wa wiki. Vipindi viwili viwe vya polepole, dakika 30 hadi 40, mapigo ya kasia 18 hadi 22 kwa dakika, ukiweza kuzungumza bila kutweta. Kimoja kiwe cha mita 500 mara nne, na mapumziko ya dakika 3 katikati. Usitarajie kupunguza sekunde nyingi kwa mkupuo, kwa sababu nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Mwendo wa dakika 2 na sekunde 30 kwa kila mita 500 hudai wati 104 hivi. Ule wa dakika 2 kamili hudai karibu wati 203.

Hatua ya nne ni maji, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi, yangu mwenyewe yakiwemo. Niliwahi kunywa lita nzima na nusu dakika chache kabla ya jaribio la mita 2,000, nikasikia tumbo likichapa mawimbi kwa kila pigo, na nikaacha kabla ya nusu ya safari. Maji ya maandalizi hunywewa mapema: kwa mtu wa kilo 70, nusu lita hivi saa chache kabla ya mazoezi inatosha. Ndani ya chumba hakuna upepo wa kukausha jasho kama ule unaompata mkimbiaji, kwa hiyo jasho hudondoka sakafuni bila kuupoza mwili vya kutosha, na mwili huzidi kulitoa.

Usikisie kiasi ulichopoteza, tumia mizani. Mtu aliyeanza na kilo 72, akanywa nusu lita ndani ya saa moja, akamaliza na kilo 71.2, ametoa jasho la lita 1.3 hivi. Safari nyingine atajua kwamba funda chache kila dakika 15 humzuia asipungukiwe na zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, kiwango ambacho kwa wengi huanza kuudhoofisha ustahimilivu. Ukijikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hilo lina hatari yake, kwa kuwa chumvi ya damu huzimuka.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja wa Kadutu: Papa kocha, je, ni lazima kununua vinywaji vya chupa vya wanamichezo?

Si lazima, Mama. Kwa kipindi kisichozidi saa moja, maji yaliyochemshwa yakapoa yanatosha. Kwa kipindi kirefu zaidi, koroga katika lita moja gramu 60 za sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi, ukamulie ndimu. Chai ya asubuhi nayo huhesabiwa kuwa maji, mradi isiwe nzito mno.

Kijana wa Nguba: Mgongo wa chini unaniuma baada ya dakika 20. Je, nipunguze wenzo?

Punguza, lakini kwanza ujipige picha ya video kutoka ubavuni. Mara nyingi utaona kwamba mgongo unafunguka kabla miguu haijasukuma, au kwamba umejikunja kama upinde kila unapofika mbele. Maumivu yakishuka hadi mguuni, acha kuvuta na umwone daktari.

Mzee wa Muhumba: Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, tunafanyaje?

Mzee, mashine ya gurudumu la hewa haihitaji umeme wa ukutani, na kioo chake kwa kawaida hutumia betri. Kinachozimika ni feni. Isogezeni mashine karibu na mlango ulio wazi, mpunguze mwendo, na wale wanaotoka jasho jingi wahamie saa 12 asubuhi, kabla chumba hakijapata joto.